Jungu Lilipopanda Masingini

Chochoro letu lilikuwa na harufu yake, na hata leo nikifungwa kitambaa machoni nikazungushwa mji mzima, nitalitambua: chokaa yenye unyevu, mkojo wa paka, na vitunguu vinavyokaangwa katika nyumba tatu kwa wakati mmoja. Kuta za mawe zilikaribiana mno hata jirani wa ng'ambo akipiga chafya, Mama humwombea rehema bila ya kunyanyuka kitini. Kitu cha mbali kabisa nilichoweza kukiona kutoka dirishani kwetu kilikuwa shuka za jirani huyo zilizoanikwa. Mbingu tulikuwa nayo, lakini ya upana wa kanga moja. Ukutani, juu ya doa kubwa la unyevu, Mama alitundika kalenda aliyopewa na mwenye duka la vitambaa, kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, ambayo haikuwa na kazi nyingine ila kuficha lile doa. Picha yake ilionyesha mji mdogo wa Ulaya uliolala chini ya milima yenye theluji, na juu ya kilele kimoja walikuwepo watu, wadogo kama sisimizi, wamesimama wanatazama. Hao ndio walionitia wazimu. Theluji sikuijali, nilidhani wamepaka chokaa kama sisi. Nilichotaka ni kusimama pahala ambapo jicho linakwenda na halikutani na shuka za mtu.

Skuli tulifundishwa kwamba Unguja ni kisiwa tambarare, na kwamba ardhi yake iliyoinuka kuliko pengine pote ni kilima cha Masingini, huko juu ya Bububu. Mwalimu alichora ubaoni mstari ulionyooka, akauinua kidogo pahala pamoja kama mtu aliyelala akakunja goti chini ya shuka, akasema, "Basi." Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilipofika nyumbani nilimwambia kaka yangu Seif, aliyenizidi miaka michache akajiona amenizidi karne, kwamba nataka kupanda mlima.

"Masingini?" alisema, kama mtu aliyetajiwa choo cha nyumbani kwake. "Mimi nshapanda zamani. Unasimama pale juu, unaziona bahari mbili kwa pamoja, hii yetu na ile ya Chwaka, upande wa pili."

"Na mimi n'takwenda."

"We? We baada ya Idi unavaa buibui. Utapanda ngazi za darini, ukaanike nguo."

Lilikuwa tusi, lakini lilikuwa la kweli, na ndiyo maana liliuma. Mwaka ule nilikuwa nimefika umri ambao msichana wa mjini hutawa. Buibui langu la kwanza lilikuwa kwa fundi, na ilikwisha amuliwa kwamba Ramadhani ikimalizika na Idi ikapita, sitatoka tena mchana ila skuli, na hata huko nimejifunika na nimefuatana na mtu. Hakuna aliyenionea, ndivyo walivyoishi Mama na mama yake, na shoga zangu walioingia ndani kabla yangu waliniambia kwamba mtu huzoea. Lakini nilipiga hesabu zangu nikaona wazi kwamba iwapo sitafika juu ya kilima kile katika Shaabani ile, kabla mwezi wa kufunga haujaandama, sitafika tena maishani mwangu. Nikaazimia kufika. Ninapomkumbuka yule mtoto mwenye magoti ya ngamia, aliyewahi kulia kwa kuogopa kuvuka barabara ya Darajani, namwonea haya na wivu kwa pamoja. Tangu siku hizo nimeazimia mambo mengi, ikiwemo kuacha sukari, na sijapata tena azma ya namna ile.

Msaada ulitoka kwa Shangazi Zuwena, dada yake Baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mashua, aliyezika waume wawili na kurithi kwa yule wa pili kishamba kidogo cha mikarafuu chini ya kilima hicho hicho. Alikuja usiku mmoja baada ya Isha, akakaa, akanywa kahawa, akaanza kuniombea nipelekwe kilimani.

"Mlima?" Baba aliuliza bila ya kuteremsha gazeti. "Unguja?"

"Mwari na milima!" Mama alisema. "Watu watasemaje?"

"Nani kataja mlima?" Shangazi alijibu. "Mimi nimetaja jungu. Shaabani hiyo inakwisha. Mwaka jana tumevunja jungu humu humu ukumbini, moshi ukatuliza kama tuko matangani. Mwaka huu twendeni shamba kwangu."

"Na kilima?"

"Kilima kiko pale pale shambani, wifi yangu. Sasa nikihamishe?"

Baba alifunua ukurasa mwingine wa gazeti, na kwetu hiyo ilikuwa ruhusa. Hakuna mtu wa Unguja anayeweza kukataa jungu. Siku za mwisho kabla ya mwezi mtukufu lazima watu wapike, wale washibe, waage mchana wa kula. Anayezuia hilo huonekana kama kwamba anazuia na Ramadhani yenyewe isiingie.

Kasoro ya watu wa mjini ni kwamba hatujui kutoka. Wapanda milima niliokuja kuwaona baadaye hubeba mkate, kisu na chupa ya maji. Sisi asubuhi ile tuliteremsha chini jamvi, birika, vikombe vya kahawa, mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, mwavuli, mito miwili kwa sababu Shangazi hawezi kukaa chini bila ya kuegemea, na lile jungu lenyewe, la shaba, lenye masikio mawili, ambalo mtoto mchanga angeweza kuogeshwa ndani yake na nadhani mimi niliwahi. Gari la shamba lilitushusha karibu na Bububu, na utingo akatuonya mara mbili kwamba litapita kurudi mjini baada ya Alasiri na halitamngoja mtu. Mvua za mwanzo za masika zilikuwa zimegusa ardhi usiku. Njia yote ilinuka udongo uliolowa na majani ya mikarafuu, harufu kali inayopanda puani kama pilipili manga, na mimi nilitembea mbele nikiwa nimekaza macho kwenye kile kilima. Hakikuwa kirefu. Kilikuwa kibichi, kimelala, na hakikuonyesha dalili yoyote ya kujua kwamba kinangojwa.

Mpango ulikuwa jungu lipikwe kwenye kibanda cha shamba, lipaliwe makaa, na wakati pilau inaiva sisi tupande, turudi tuikute tayari. Lakini kuni zililowa. Shangazi alipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, akamtukana aliyezipasua, akamtukana na aliyepanda mti. Adhuhuri ilipita tunakuna nazi. Ilipofika jungu kupaliwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, jua lilikuwa limekwisha pinduka, na hapo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kwetu, jungu la kupokea mwezi haliachwi peke yake. Aliyelipalia hulikalia, mpaka liive na kila aliyekuja nalo amekula. Likiungua bila ya mtu, nyumba ile futari yake haitakaa sawa mwezi mzima. Ndivyo tulivyoamini, na sijakutana na mtu wa mtaani kwetu aliyethubutu kujaribu.

"Basi mimi n'nakaa," alisema Shangazi. "Nendeni nyinyi."

"Mimi na watoto hawa porini, bila ya mtu mzima wa hapa?" Mama alisema. "Sendi."

"Basi kaa wewe, niende mimi."

"Nikalie jungu lako? Likiungua niimbwe mimi mji mzima?"

"Basi tule kwanza."

Nilijua maana ya neno hilo. Nilikuwa nimewaona watu wazima baada ya pilau. Shangazi angelala kwenye mito yake, Mama angefumba macho kidogo tu, gari lingepita, na Shaabani ingekwisha. Nikajifunga kanga kiunoni, nikashika njia ya kupanda.

"We Rukia!"

"Labeka."

"Unakwenda wapi?"

"Juu."

"Na nani?"

"Na miguu yangu."

Siku nyingine yoyote jibu hilo lingenipatia kofi ambalo ningelisikia mpaka siku ya pili. Mama alisimama, akanitazama. Akaitazama njia inavyopotea ndani ya mikarafuu, akaligeukia jungu linalofuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepima kitambaa kidogo na kutaka kutoa gauni zima.

"Seif," alisema, "tafuta gongo."

"La kumpigia?" Seif aliuliza kwa matumaini.

"La kubebea jungu."

Ndivyo tulivyopanda. Gongo lilipitishwa kwenye masikio ya jungu, Mama mbele, Shangazi nyuma, mabuibui yao yamekunjwa na kufungwa kiunoni, na makaa yanawaka juu ya kifuniko kama taji. Seif alichukua jamvi na mito. Mimi nilikuwa na birika mkono mmoja na mwavuli mwingine. Najua wapo watakaosema Masingini si mlima, na kwamba mbuzi hukipanda kilima kile akiwa anafikiria mambo mengine. Nakubali. Lakini mbuzi habebi pilau. Udongo mwekundu uliteleza, makubadhi ya Shangazi yaling'ang'ania matopeni yakabaki nyuma bila ya mguu, na kila gongo lilipoyumba majivu ya moto yalitumwagikia. Nusu ya njia tulikutana na mzee anayeteremka na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo," tulisema sote.

"Marahaba." Alituangalia mmoja mmoja, akamalizia kwa jungu. "Mnahama?"

"Tunavunja jungu," alisema Mama, anahema.

"Huko juu?"

"Huko juu."

"Chini kumejaa?" aliuliza, na bila ya kungoja jibu akaenda zake anatikisa kichwa, na tulimsikia anacheka peke yake mpaka chini kabisa.

Mvua ikaja. Haikuwa kubwa, lakini matone yake yalikuwa mazito, na la kwanza lilipoanguka juu ya makaa likalia chaa! Mama alipiga ukelele. Nikafungua mwavuli, na bila ya kuambiwa nikausimamisha juu ya jungu. Sote tulirowa. Mabuibui yaliganda miilini, mito ikanywa maji, na katikati yetu jungu lilikwenda kavu chini ya mwavuli wake kama bibi harusi. Hapo Shangazi, ambaye safari nzima ilikuwa yake, alikaa juu ya mzizi.

"Nshachoka. Niacheni. Nizikeni hapa hapa, shamba langu mwenyewe."

"Nyanyuka, Zuwena."

"Miguu sina, wifi."

"Huna miguu, una mikono. Kamata gongo."

Sijawahi kumsikia Mama akimwita wifi yake mkubwa kwa jina tupu, si kabla wala si baada ya siku ile. Shangazi naye nadhani alishangaa, maana alinyanyuka. Mama alitangulia na gongo begani, shingo imekakamaa, na nyuma yake sisi wengine tulifuata kwa kuwa ilikuwa rahisi kufuata kuliko kueleza kwa nini hatufuati.

Mvua iliacha kama ilivyoanza. Tulikwenda mpaka miguu ikaona kwamba haipandi tena. Seif akatua mito.

"Ndo hapa."

"Hapa wapi?" niliuliza.

"Juu."

Nilitazama huku na huku. Palikuwa tambarare. Pande zote ilikuwa miti, vichaka, miti mingine, na majani yanayodondosha maji. Bahari haikuwepo hata moja. Nilikuwa nimesimama juu ya kisiwa chote cha Unguja, na jicho langu halikwenda mbali zaidi ya lilivyokwenda dirishani kwetu.

"Ulisema unaziona bahari mbili!"

Seif alikagua vidole vya miguu yake. "Labda miti imekua," alisema.

Nilikaa chini juu ya majani mabichi. Sikulia, nilikuwa nimekwisha pita pale pa kulia. Mama na Shangazi walilitua jungu juu ya mawe, wakalizungushia makaa. Karibu na sisi palikuwa na mfenesi mkubwa, shina lake limejaa mafenesi machanga, matawi yake yanapita juu ya miti mingine. Seif aliuona kabla yangu.

"Mimi n'tapanda," alisema, "niwaambie nnachokiona."

Alikwisha kukamata tawi Mama alipomzuia.

"Si wewe. Wewe umri wote uliobaki ni wa kupanda. Shuka." Akanigeukia. "Rukia. Haya."

"Wifi!" Shangazi alisema. "Mwari juu ya mti?"

"Hapa nani anamwona? Wewe? Basi fumba macho."

Nilikuwa sijapata kupanda mti. Chochoro letu halikuwa nao. Mama alijikunja chini ya shina, akaniinua kwa magoti, nikakamata tawi la kwanza, na mguu wangu ulipoanza kuteleza kwenye gome lililolowa nilihisi kiganja chake kimefunga kisigino changu, kigumu, kinanisukuma juu. Kilinisukuma mpaka mkono wake ulipokwisha. Kutoka hapo nilipanda kwa ukaidi mtupu. Utomvu wa fenesi ulinigandisha vidole, gauni likachanika, mchwa wa mti waliingia shingoni, na sikutazama chini hata mara moja, kwa maana nilikuwa, na bado niko, mwoga wa pahala pa juu. Kichwa changu kikatoka juu ya majani.

Mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Upande wa magharibi niliuona mji, mweupe, mdogo, umekusanyika ufukweni kama vipande vya nazi kwenye sahani, na bahari nyuma yake, pana kuliko nilivyopata kuambiwa. Nikageuka taratibu nimelikumbatia tawi. Upande wa mashariki kijani kilikwenda, kikaenda, kikafifia, na mwisho wake kabisa, pale ambapo kilipaswa kukutana na mbingu, palikuwa na mstari.

"Unaona nini?" Sauti ya Mama ilitoka chini, ndogo.

"Mji!"

"Nyumba yetu je?"

"Haionekani, Mama! Zote zimekuwa nyumba moja!"

"Na Chwaka?"

"Iko! Bahari iko, nyembamba kama uzi wa cherehani!"

"Rangi gani?"

Nilitazama tena, kwa uangalifu, kwa kuwa niliona kwamba hili si swali la kujibiwa ovyo. "Kama maji ya kusuuzia nguo, ukishatia buluu kidogo!"

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ya shuka za Idi!"

"Aa," alisema Mama. Na baadaye kidogo, "Usishuke kwanza. Tazama vizuri."

Nilipoteremka pilau ilikuwa imeiva upande mmoja. Upande wa pili, kwa sababu ya kupanda imeinama, ilikuwa ukoko mtupu. Tulikula yote. Mama aliniuliza habari za kila upande, mara mbili mbili, na Shangazi akaapa kwamba hajawahi kula ukoko mtamu namna ile. Tukateremka mbio, jungu tupu linagonga gongo kama ngoma, na gari tulilikuta limekwisha washwa. Baba alipotufungulia mlango alitutazama, matope mpaka magotini, akauliza jungu lilikuwaje. Mama alisema, "Zuri, lakini mbali."

Idi ilipopita nilivaa buibui, na kama nilivyoambiwa, mtu huzoea. Skuli niliendelea, na baada ya miaka chuo kikuu kikanipeleka nchi ya baridi kusomea jiografia, ambako nimeandika kurasa nyingi juu ya miinuko ya ardhi ambayo mguu wangu haujaikanyaga. Wenzangu walinishurutisha siku moja twende kwenye mji uliokuwa chini ya milima ya theluji, na tukapandishwa kileleni ndani ya kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye waya. Nilipanda nimefumba macho. Juu palikuwa na uzio, mkahawa na ramani ya shaba inayokutajia kila unachokiona, na kila mtu alikitazama akanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na mtu chini wa kumwambia.

Masingini sasa ina njia ya gari mpaka karibu na juu, na kijana wa mjini akitaka kuziona bahari mbili atauliza kwanza kama pana soda. Wanangu wa kike wanakwenda wanakotaka, mchana na jioni, na huniaga kutoka mlangoni wakiwa wamekwisha kunipa mgongo. Nafurahi kwamba iko hivyo. Lakini hawajui ladha ya kutaka kitu kimoja kabla ya Idi, na mimi sijui namna ya kuwapa ladha hiyo bila ya kuwarudishia na mlango uliofungwa.

Mama ni mtu mzima sana sasa. Jioni huwasimulia wajukuu zake habari za siku ile, na mwaka hadi mwaka masimulizi yamebadilika kidogo kidogo. Zamani alikuwa akisema, "Mama yenu aliona." Siku hizi anasema, "Nliona." Mji kama nazi kwenye sahani, Chwaka kama uzi, rangi ya buluu ya shuka za Idi, yote anayo, na mengine ambayo mimi nimeyasahau.

"Bibi, kwani ulipanda mti wewe?" binti yangu mdogo alimwuliza wiki iliyopita.

"Nlipanda," alijibu Mama, bila ya kupepesa macho.

Mtoto aligeuka kunitazama, anangoja niseme. Mimi mwenye shahada, niliyekuwa juu ya tawi, nilikihisi tena kile kiganja kilivyofunga kisigino changu, na nikamwambia ndiyo, Bibi alipanda.